Picha ya Kirusi Siku ya Hina

Mimi kazi yangu ni picha. Nina duka dogo Ibra, huku Oman, karibu na soko la wanawake, na kibao cha mlangoni kinasema tunapiga picha za pasipoti, lakini pasipoti siku hizi si kazi ya kumweka mtu mjini. Kinachowaleta watu kwangu ni picha za zamani. Wazee wetu waliokuja kutoka Unguja walibeba vitu vichache, na katika hivyo vichache picha hazikukosekana: zimekunjika, zimeliwa pembe na mende, zimeingia ukungu. Mimi huziingiza kwenye kompyuta nikaziba mikwaruzo, nikazitia rangi kama mwenyewe anataka. Kisha huwasomea. Mtu ananiletea picha ya wanawake asiowajua hata mmoja, namwambia huyu ndiye mwenye shughuli, hawa wamevaa sare kwa hiyo ni upande wa mke, huyu aliyekaa nyuma hana wanja wala dhahabu, basi ametoka eda karibuni. Anakwenda kumuuliza bibi yake, bibi anasema ndivyo. Kwa jambo hili naringa, na anayenijua analijua hilo.

Basi nilipoletewa picha za Urusi nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Zilitoka kwa binamu yangu wa Nizwa, binti wa mjomba wangu. Mjomba, kaka wa mama yangu, alipelekwa kusoma Urusi katika ujana wake, akarudi na shahada na mke. Walikaa Unguja kwa muda, na Oman ilipofungua milango wakaja huku kama wengi wetu. Huyo mkaza mjomba alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho ya kijivu, na alijifunza Kiswahili kabla ya Kiarabu kwa sababu ndicho kilichokuwa kikisemwa nyumbani. Alisilimu, akafunga ushungi, akapika biriani ambayo mama yangu, mtu asiyesifu chakula cha mwenzake, aliila kimya mpaka sahani ikaisha. Mjomba hakuwafundisha watoto Kirusi. Alisema wana lugha mbili na zinawatosha. Sasa mjomba amefariki, mkewe amepindukia miaka themanini, na uzee umekuja kumnyang'anya lugha kwa zamu. Kwanza kilimtoka Kiarabu, kisha kikafuata Kiswahili. Kimebaki Kirusi, na katika ukoo wetu mzima hakuna anayejua hata kuomba maji kwa Kirusi.

Binamu yangu alinipigia simu binti yake alipochumbiwa. Tukakutana Bidbid, maana hapo ndipo barabara ya kwetu Ibra inapoachana na ya kwao Nizwa, na mambo yetu mengi ya kifamilia tunayamalizia hapo, kwenye mkahawa wa kando ya barabara, kila mmoja na gilasi yake ya chai ya maziwa, karak. Akaweka mezani kopo la biskuti lililofifia rangi.

"Dada, nakuomba unisomee hizi," akasema. "Za mama. Watu wake."

"Watu wake wa wapi?"

"Wa kwao. Za zamani hasa, za wakati walipokuwa na mfalme. Baba alinambia bibi yake mama yumo humu, lakini hakunambia yupi."

Nikamuuliza anazitakia nini. Aliizungusha gilasi yake kwanza, halafu akanieleza. Watu wa bwana harusi ni watu wa Nizwa hasa, wana ukoo wao na mitende yao na zamu yao ya maji ya mfereji. Walipokuja kuposa, mama wa bwana harusi alimuuliza, kwa Kiarabu na kwa adabu zote, wajomba zake yeye ni kina nani.

"Nikanyamaza, dada. Nimekaa naye uso kwa uso, kahawa inapoa, sina hata jina moja la kumpa. Tangu skuli naambiwa mama yako hana watu. Watoto walinambia, na wakubwa wakanambia kwa kupindapinda. Wallahi nimechoka. Nataka siku ya hina ya binti yangu niweke picha ukutani, pale watakapokaa wanawake, waone kwamba mama yangu naye katoka kwa watu. Na ikipatikana ya bibi harusi, ndo nzuri zaidi."

Mimi kwa upande wangu nimejaa wajomba mpaka nawakwepa sokoni. Nikachukua kopo, nikamwambia ahisabu kazi imekwisha.

Nilipofika dukani nikazitandaza picha zote mezani, na ya kwanza tu ikanivuruga. Mwanamme mwenye ndevu nyingi, koti limefika chini ya magoti, amevaa mabuti. Pembeni yake mwanamke aliyejifunga ushungi, amekaa kitini kama aliyeitwa polisi. Na nyuma yao minazi. Minazi kabisa, na ufukwe, na kijumba cha makuti. Nikaigeuza, nikaigeuza tena. Nikajiuliza kama mjomba alichanganya picha zake na za mkewe, au kama hawa Warusi waliwahi kufika Unguja na mabuti yao. Nilikaa na fumbo hilo mpaka nilipoona mkunjo kwenye bahari. Ilikuwa pazia iliyochorwa, imetundikwa nyuma yao na mpiga picha.

Hapo nikacheka peke yangu. Nina picha chungu nzima za Unguja za zamani, na katika nyingi babu zetu wamesimama mbele ya pazia zilizochorwa ziwa, ngazi za mawe na miti ya Ulaya. Kumbe wakati sisi tunapigwa picha mbele ya kwao, wao walikuwa wanapigwa picha mbele ya kwetu. Kucheka nilicheka, lakini nilianza kuingiwa na wasiwasi. Kama hata minazi inaweza kunidanganya, nitaamini nini?

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Wanawake wamepiga magoti kwenye uwanja mweupe, wamezunguka shimo lenye maji meusi, mikono yao imo ndani. Niliona ni shamba la chumvi na wao wanachota. Nikaandika hivyo kwenye karatasi: wanawake wakivuna chumvi. Mama yangu, anayekaa nami na ambaye hapendi kuachwa nyumbani peke yake, aliisogeza picha kwenye mwanga.

"Chumvi gani na mtu anafua?" akasema. "Huoni shuka hiyo?"

Kweli, mmoja alikuwa anakamua shuka. Basi lile jeupe lote lilikuwa maji yaliyoganda, na wao wametoboa shimo wakapate kufua. Nilitazama mikono yao mitupu ndani ya maji hayo, na vidole vyangu mwenyewe vikaanza kuuma. Nimezaliwa kwenye joto hili na sina kipimo cha baridi hiyo. Tena kilichonishangaza zaidi ni kwamba mmoja wao alikuwa anacheka.

Ya samawari ndiyo iliyomfurahisha mama. Watu wamezunguka meza uani, samawari ya kuchemshia chai katikati imenona, na mzee mmoja anakunywa chai yake kwenye kisahani. Mama aliitazama mpaka nikadhani amesinzia.

"Kama sisi," akasema. "Baba yangu hakunywa chai ila kwa kisahani. Hawa ni watu wa maana."

Akanihakikishia kwamba ilikuwa sikukuu, kwa sababu wote wamevaa nguo mpya. Nikamuuliza anajuaje ni mpya. Akaniambia nguo kuukuu haikai vile mabegani. Nikaandika sikukuu. Kulikuwa na mtoto mwenye gauni na farasi wa mbao, ambaye asubuhi nilimwandika kuwa msichana na jioni mvulana, na mpaka leo hii sijapata uhakika naye.

Kisha ikaja picha yenyewe.

Ni msichana wa miaka kumi na saba, kumi na minane, si zaidi. Amevaa nguo nyeupe, amelala chali mahali palipoinuka, palipozungushiwa mbao zenye lesi kandokando. Kwenye paji la uso ana utepe ulioandikwa maandishi. Macho ameyafumba. Mikono imekutanishwa kifuani na imefungwa kitambaa. Mishumaa inawaka upande wa kichwa, majani yametawanywa sakafuni, na wanawake wenye ushungi wamesimama kumzunguka, wote wanatutazama sisi. Nyuma, ukutani, umeegemezwa ubao mrefu ambao sikuujua ni wa nini.

Mama yangu ujana wake wote Unguja alikuwa akipamba maharusi. Nyumba yenye harusi ilikuwa haianzi lolote mpaka yeye avue viatu mlangoni.

"Hina hiyo," akasema.

"Hina? Warusi wana hina?"

"Sijui miye kama wana hina au wana nini, lakini hebu tazama mikono. Kafungwa kitambaa isimchafue nguo. Sisi tulikuwa tunafunga vivyo hivyo, bibi harusi analala nayo. Na hicho kipajini ni pambo. Na hayo majani ni kama mrehani wetu. Na mishumaa hii hapa."

"Mbona kafumba macho?"

"Ndo adabu. Siku zetu bibi harusi akifumbua macho mbele za watu alisemwa mpaka anazaa."

"Mbona kalala?"

"Singo ya mwili utamsugua mtu kasimama?"

Nikamuuliza la mwisho, mbona hakuna anayecheka. Akanijibu nimtajie mtu mmoja aliyecheka kwenye picha za zama hizo. Nilitaka kumwonyesha yule mfuaji nguo, nikaona nitamkasirisha bure. Maneno yake yaliingia akilini moja moja na kila moja lilikaa mahali pake. Hata hivyo kulikuwa na kitu kinanisumbua, na sikuweza kukishika. Kila nikitoka na kurudi mezani niliona wale wanawake wananitazama kama wanaosubiri niondoke.

Tukaenda Nizwa kumwonyesha mwenyewe. Binamu yangu alikuwa amemkalisha mamake kwenye godoro karibu na dirisha, kavaa gauni la maua na kanga mabegani. Mama yangu akamsalimu, "Wifi, hujambo wifi yangu," naye akatabasamu kwa heshima ya mtu anayesalimiwa na mgeni. Tukaweka simu katikati, ile ya kufasiri lugha, tukampa picha moja moja.

Kwenye samawari alizungumza sana. Alicheka, akagonga kidole kwenye uso wa yule mzee wa kisahani, akatueleza kisa kirefu chenye mwanzo na mwisho, na simu ikatutolea: unga umelowa, mlango wa jirani, bata bata. Binamu yangu alirudisha simu karibu na mdomo wa mamake, ikatutolea bata wengine. Meno hayapo na sauti ni ndogo, labda ndiyo sababu. Kisa kile kilipita mbele yetu kizima, nasi tukaambulia bata.

Kwenye picha ya msichana alibadilika. Hakucheka. Aliipangusa kwa kiganja, akasema maneno machache, taratibu. Simu ikafikiri, kisha ikaandika kwa Kiarabu safi: msimwamshe.

Tukatazamana. Mama yangu akapiga paja lake.

"Si nilikwambieni? Mtoto kachoka na shughuli."

Binamu yangu akacheka, na macho yamejaa machozi. "Bibi yake mama," akasema. "Huyu ndiye. Ni harusi ya bibi yake." Nilimwona jinsi alivyonyooka mgongo. Nilikuwa nataka kusema ngoja kidogo, lakini ningesema ngoja kwa hoja gani? Sina. Nilikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi haufanyi mtu amkatize mwenzake katika furaha aliyoingoja tangu skuli.

Kwa hiyo nikaifanya kazi yangu, na niliifanya vizuri. Nikaziba mikwaruzo. Ule ubao mrefu wa nyuma ulikuwa unaharibu picha, nikaukata. Mbao za kandokando nazo nikazipunguza, zikabaki lesi. Msichana mwenyewe alikuwa amepauka, nikamtia wekundu kidogo mashavuni na mdomoni, kiasi cha kumpa uhai. Nikaichapa kubwa, nikaitia fremu ya dhahabu kama wanavyopenda watu wa Nizwa. Nilipoiinua niione kwa mbali ilikuwa nzuri hasa, na nikajiambia wasiwasi wangu ulikuwa wivu wa mtu aliyezoea kujua.

Siku ya hina wanawake walianza kuingia baada ya sala ya alasiri. Nyumba ya binamu yangu ina sebule ndefu yenye mito ukutani, na tuliipanga upande mmoja wenyeji, upande mmoja wageni. Mbele tuliacha mahali pa bibi harusi, na nyuma ya mahali hapo, chini kidogo ili waliokaa waione vizuri, tukatundika picha. Upande wetu tulileta sambusa na vitumbua, wao wakaja na halwa na kahawa yao. Msichana wa kupiga muziki aliweka spika zake pembeni akawa anangoja aambiwe.

Mama wa bwana harusi alikuja na dada zake na binti zake. Ni mwanamke mkimya, mwenye kutazama kitu mpaka kikaisha. Aliitazama picha. Mmoja wa dada zake hakupendezwa na picha za watu ukutani, nilimsikia akinong'ona, lakini yeye akamuuliza binamu yangu, kwa Kiarabu, ni nani yule.

"Bibi yake mama," binamu yangu akasema. "Siku ya hina yake, kwao Urusi."

"Mashallah," yule mama akasema. Akaitazama tena, safari hii muda mrefu zaidi, na nikaona uso wake umeingia shaka ileile niliyokuwa nayo mimi. Akapokea kahawa.

Bibi harusi alikuwa chumba cha ndani, anamaliziwa. Ndipo binamu yangu alipomtoa mamake ili akae mbele, mahali pa heshima. Alimshika mkono wakapita katikati ya wageni, na mkaza mjomba akawa anaitikia kwa kichwa huku na huku. Wakafika mbele. Akaiona picha.

Alisimama. Binamu yangu alimvuta taratibu ili akae, hakukaa. Aliachia mkono wa bintiye, akaisogelea, akasema jambo kwa Kirusi, kwa sauti ya chini ya kumwambia mtu aliye karibu. Halafu akavua kanga mabegani mwake. Akaishika kwa mikono miwili, akaitandaza juu ya picha kuanzia chini, akaipandisha polepole, miguuni, tumboni, mikononi, na mwisho akaufunika uso. Akaichomeka kanga juu ya fremu isianguke. Kisha akakaa chini, si kwenye mto bali sakafuni, akanyoosha miguu mbele na kuegemeza mgongo ukutani chini ya picha, mikono juu ya mapaja.

Katika sebule ile kulikuwa na wanawake wa Nizwa, wa Unguja, wa Ibra, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kufasiriwa. Kila mmoja wetu ameshawahi kuona mtu anafunikwa uso namna ile. Mama yangu alinishika mkono akaubana.

"Yule maiti, mwanangu," akasema. "Tumetundika maiti."

Mama yangu ameosha maiti wengi kama alivyopamba maharusi. Sisi wenyewe tunamfunga maiti wetu kidevu na vidole vya miguu mpaka akae sawa. Kwa nini haikutujia kwamba watu wengine wanafunga mikono? Ilikuwa mbele ya macho yetu. Baadaye niliitoa ile picha ya asili, nikauona ubao niliokuwa nimeukata, na nikajua ni kifuniko, na zile mbao zenye lesi ni jeneza. Lakini pale pale sebuleni nilichokifikiria ni wekundu niliompaka mashavuni. Nilikuwa nimeaibika, na nilikuwa nimechanganyikiwa hata sijui niaibike mbele ya nani: ya wageni, ya mkaza mjomba, au ya yule msichana ambaye mpaka leo sijui kama ni bibi, au shangazi, au nani.

Binamu yangu alisimama katikati ya sebule na birika la kahawa mkononi. Sijapata kumwona mtu akipungua namna ile. Alitaka waone bibi harusi, na sasa mbele ya akina mama wa Nizwa yuko mzee anayekaa matanga chini ya kanga, siku ya hina ya mjukuu wake. Wageni walianza kunong'onezana. Mtu mmoja akasema ni nuksi. Nikamsikia mwingine akiuliza viatu vyake viko wapi.

Mama wa bwana harusi akaweka kikombe chake chini akanyanyuka. Nilijua anaondoka. Dada zake pia walijua hivyo, kwa sababu walianza kukusanya vitambaa vyao. Yeye akapita katikati, moja kwa moja mpaka mbele, akajikunja kwa taabu ya magoti yake, akakaa sakafuni mbele ya mkaza mjomba. Akamuuliza binamu yangu bila kugeuka:

"Marehemu ni nani yake?"

"Sijui," binamu yangu akasema. "Mtu wake. Wa kwao."

Yule mama akauchukua mkono wa mkaza mjomba akauweka baina ya mikono yake.

"Ahsana Llahu azaakum," akasema, vile tunavyosema tunapoingia nyumba yenye msiba.

Dada yake, yule asiyependa picha, akamwambia kwa sauti ya kuonya kwamba watu wale hawakuwa Waislamu, na ni wa zamani, wamekwisha kuoza.

"Mama huyu ni Muislamu na yuko hapa," akajibu. "Nampa pole yeye."

Mkaza mjomba alimtazama, kisha akauinamia ule mkono uliomshika, akaulaza kwenye shavu lake. Walikaa hivyo. Halafu mama wa bwana harusi akashikwa mkono akasimama, akamwendea binamu yangu. Akamnyang'anya birika, akaliweka chini, akamshika mkono naye akamwambia maneno yale yale. Binamu yangu ameyasikia maneno hayo maisha yake yote, ameyasema kwenye misiba ya majirani, ya waume za rafiki zake, na alipofiwa na baba yake aliyaitikia kwa siku tatu mfululizo. Safari hii mdomo ulimfunguka na jibu halikutoka. Hakuna mtu aliyewahi kumpa pole kwa ajili ya watu wa mamake.

Na nyuma ya yule mama dada zake wakanyanyuka, hata yule asiyependa picha, na binti zake, na majirani, wakajipanga kama tunavyojipanga, wakaanza kupita: kwanza kwa mzee pale sakafuni, kisha kwa binti yake. Hina inakauka ndani, halwa iko wazi, na wanawake waliovaa nguo za kumeremeta wanatoa mkono wa pole. Mimi sikujua nisimame wapi. Kwa upande mmoja nimekuja kwenye furaha, kwa upande mwingine huu si msiba wangu, na huyo msichana nimempaka rangi kwa mikono yangu. Nikaingia kwenye mstari wa wanaotoa. Nilipomfikia binamu yangu aliushika mkono wangu, hakuuachia, akanivuta nikasimama pembeni yake, upande wa kupokea.

Msichana wa muziki alikuwa ametoka nje kusikiliza simu na hakuwa na habari ya lolote. Aliporudi aliona watu wamesimama kwa mstari, akadhani wanamngoja bibi harusi atoke. Akampungia mkono binamu yangu, akamuuliza kama awashe.

Binamu yangu akajifuta uso kwa ncha ya ushungi wake. Aliutazama mstari ule, ulikuwa umefika mpaka mlangoni.

"Ngoja kwanza," akamwambia. "Watu wetu hatujamaliza kuwapokelea pole."